Barua ya Kumpumzisha Mama Hodi

Alikuwa akisema hodi hata kwenye kabati. Kabati lenyewe lilikuwa la mashuka, lenye rafu sita na harufu ya sabuni ya kipande, na mtu mzima asingeweza kuingia humo hata akijikunja. Asubuhi alisimama mbele yake, akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akasema hodi kwa sauti ya chini, akangoja kidogo, ndipo akafungua. Alifanya vivyo hivyo kwenye chumba cha mtu aliyelala, kwenye chumba cha mtu asiyesikia, na kwenye chumba kilichobaki na kitanda kitupu baada ya mwenyewe kuondoka duniani. Katika miaka ishirini na miwili aliyofanya kazi kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee, hakuna aliyewahi kumwona akifungua mlango kimya kimya. Ndiyo maana jina lake la kwenye faili lilisahaulika, na kila mtu, kuanzia msimamizi hadi mlinzi wa getini, alimwita Mama Hodi.

Ukimuuliza sababu, alikupa jibu la siku hiyo. Mpishi aliambiwa kwamba ni kwa ajili ya panya, wapate nafasi ya kujisitiri. Mrefu, mhudumu mwenzake aliyepata jina hilo kwa sababu ilimbidi ainame kupita mlango wa jikoni, aliambiwa kwamba mzee aliyekwisha kuacha nyumba yake, watoto wake na sahani yake mwenyewe amebakiwa na mlango tu, na huo nao ukiufungua bila kuuliza, umemmaliza. Dada Ustawi alipouliza, aligeuziwa swali: "Kwani kwenu mnaingiaje?"

Dada Ustawi alikuwa na miezi minne tu mahali pale. Cheo chake kamili kilikuwa Afisa Ustawi na Mafunzo ya Wafanyakazi, cheo kirefu kuliko ofisi aliyopewa, ambayo zamani ilikuwa stoo ya magongo na viti vya magurudumu vilivyovunjika. Bodi ilimwajiri baada ya wahudumu wanne kuacha kazi ndani ya miezi mitatu, mmoja wao katikati ya kumlisha mzee, kijiko kikabaki kimesimama kwenye bakuli. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha waliobaki wanapumua, wanajifunza kitu, na hawaondoki. Wafanyakazi walimpokea kwa utani. Mtu alipita mlangoni kwake akiwa ameshika kiuno na kumwambia, dada, mgongo wangu leo haujastawi. Mwingine alimwomba amwandikie ustawi wa miguu. Yeye alicheka nao na kuandika kila kitu kwenye daftari, kisha jioni alipolisoma alishindwa kujua lipi lilikuwa mzaha na lipi lilikuwa kilio.

Katika kupekua mafaili aligundua kwamba Mama Hodi hakuwa amechukua likizo kwa miaka sita. Alidhani ni kosa la karatasi, akahesabu upya, ikabaki sita. Wiki hiyo hiyo ikaja barua kutoka chuo cha mafunzo ya uhudumu, kikitoa nafasi moja kwa kila nyumba ya wazee, miezi tisa, na cheti mwishoni. Fomu ilitakiwa ifike chuoni Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ikiwa na sahihi ya mhusika mwenyewe. Dada Ustawi hakuhitaji kuwaza. Kama kulikuwa na mtu mmoja ambaye nyumba ile haikutakiwa kumpoteza, na ambaye ilikuwa imemtumia mpaka amechakaa bila kumpandisha hata ngazi moja, ni huyo. Kwanza apumzike, kisha aende chuo, akirudi awe mkufunzi wa wenzake. Msimamizi alisaini bila kusoma vizuri, akasema jambo jema sana.

Barua aliiandika Jumapili nyumbani kwake, na aliiandika kwa upendo. Neno likizo aliliona kavu. Pale kazini likizo ilikuwa kitu unachokiomba kwenye fomu na kunyimwa, na yeye alitaka hii ionekane ni kitu mtu anapewa. Kwa hiyo akaandika: "Kwa kutambua utumishi wako wa muda mrefu na uaminifu wako, ofisi imeamua kukupumzisha kuanzia Jumatano. Tunakushukuru kwa yote uliyofanya." Tarehe ya kurudi hakuiweka, maana ilitegemea chuo kinafungua lini. Habari ya chuo nayo hakuigusa. Alitaka kumwambia mwenyewe, ana kwa ana, auone uso wake.

Neno kupumzisha lilikuwa na mambo yake ndani ya nyumba ile, ila yeye hakuwapo yalipotokea.

Jumatatu mchana alimkuta Mama Hodi kwenye korido akikunja mashuka, akamwamkia, akaitikiwa marahaba, akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Mama Hodi aliifungua palepale, akaisoma akiwa ameisogeza mbali kidogo na macho, midomo ikitembea. Alipofika mwisho alirudi juu akaisoma tena.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Umestahili."

"Nimestahili?"

"Kabisa. Ingetakiwa ifanyike siku nyingi."

Mama Hodi alimtazama kwa muda ambao Dada Ustawi aliuona mrefu, lakini alijiambia kwamba watu wasiozoea kupewa huwa wanapokea hivyo. Kisha barua ikakunjwa mara nne ikaingia kwenye mfuko wa aproni. "Haya," alisema. "Nimesikia. Asante." Akaendelea kukunja mashuka.

Furaha ilimfanya Dada Ustawi aongeze na lingine. Ukutani karibu na jikoni kulikuwa na ubao ambao wafanyakazi waliutazama wanapoingia zamu: mzee gani amepokelewa, yupi yuko hospitali, yupi anakula chakula laini. Akachukua chaki na kuandika kwa herufi kubwa, upande wa kulia palipokuwa wazi: ANAYEPUMZIKA KUANZIA JUMATANO: MAMA HODI. Chini yake akachora ua dogo.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kumchanganya.

Jioni ile mpishi, ambaye kila siku alimpelekea chai pamoja na kisa cha uongo, alimletea chai bila kisa. Mlinzi alimfungulia geti akitazama pembeni. Jumanne asubuhi alimkuta bibi mmoja wa chumba cha tatu amesimama mbele ya ubao akilia polepole, na alipomuuliza analilia nini, bibi alimwambia kwamba hata ua lenyewe hawakulichora vizuri. Dada Ustawi alilitazama ua. Ni kweli lilikuwa limepinda. Alimshika bibi mkono akamrudisha chumbani, akiamini kwamba uzee ndio uliosema.

Mama Hodi naye alikuwa na shughuli nyingi kuliko siku zote. Alimchukua Mrefu chumba hadi chumba, akagonga, akasema hodi, akamwonyesha huyu anageuzwa kwa kushikwa nyonga kwanza, yule haguswi bega la kushoto, huyu wa dirishani ukimpa dawa kabla hujamsalimia ataitema. Aproni zake tatu alizifua na kuzipiga pasi. Kikombe chake cha bati, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa kwa miaka yote hiyo, alimpa mpishi. Kwa wazee alikaa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, na alipotoka alifuta uso kwa upindo wa aproni. Dada Ustawi aliyaona yote hayo akiwa anapitapita. Moyoni aliguswa. Kwenye daftari akaandika: makabidhiano ya mfano, tuwafundishe na wengine.

Alipanga kumpa habari ya chuo mwisho wa zamu, lakini msimamizi alimwita kwenye kikao kilichorefuka. Alipotoka, Mama Hodi alikuwa amekwenda. Na Jumatano asubuhi alipofungua ofisi yake, juu ya meza kulikuwa na aproni tatu zilizokunjwa kama mashuka ya hospitali, funguo za kabati, na kitambulisho cha kazi kimewekwa juu ya vyote uso chini.

Hakuelewa. Mtu anayekwenda kupumzika harudishi kitambulisho. Alipiga simu, ikawa imezimwa. Alipiga tena saa nne, saa saba, saa tisa. Alimuuliza Mrefu kama Mama Hodi amesafiri, na Mrefu, akiwa ameinama kumvalisha mzee soksi, alimjibu kwamba anayejua aliko ni aliyempeleka. Dada Ustawi akacheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaacha kucheka kwa sababu alikuwa anacheka peke yake. Siku nzima aliutafuta uso mmoja wa kumsemesha akaukosa. Alifikiri ni wivu. Baadaye akafikiri labda amemkosea mtu adabu, akapitia kichwani kila salamu aliyotoa wiki ile, asione tatizo. Alikwenda kulala akiwa na fomu ya chuo kwenye mkoba, na siku mbili mkononi.

Alhamisi, Mwalimu aligoma kula.

Mwalimu alikuwa mzee wa chumba cha kwanza. Alifundisha lugha shule ya msingi kwa miaka arobaini, na sasa macho yake yalibakiwa na uwezo wa kutofautisha mwanga na kivuli. Mrefu alikuwa ameingia na sahani, akaambiwa kwamba humu ndani haingii mtu asiyejulisha, rudi nayo. Alirudi mara ya pili akasema hodi, akaambiwa hiyo ni hodi ya kuigiza. Dada Ustawi ndiye aliyeitwa. Aliingia na kuvuta kiti karibu na kitanda.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mwalimu, afisa ustawi. Shikamoo."

Hakuitikia marahaba. "Wewe ndiye uliyeandika ubaoni?"

"Ndiyo."

"Nilisomewa. Sasa niambie, maana mimi nimefundisha vitenzi mpaka macho yakaisha. Amepumzika, au amepumzishwa?"

"Amepumzishwa, Mwalimu. Na ofisi."

"Basi yuko hai," alisema mzee, akageukia ukutani. "Afadhali. Niliambiwa kuna na ua."

Dada Ustawi alitoka na sahani mkononi, akaenda moja kwa moja jikoni. Ndani yake kitu kilikuwa kimeanza kusogea, lakini hakijapata mahali pa kukaa. Alimwomba mpishi, tafadhali, amweleze kama mtoto mdogo. Mpishi aliendelea kumenya vitunguu kwa kitambo, kisha akaweka kisu chini.

"Dada, humu ndani mzee akifariki tunasemaje?"

Alifikiri. Katika miezi minne walikuwa wamefariki watatu, na kila mara ubao uliandikwa neno moja. "Amepumzika," alisema.

"Na yule msimamizi aliyepita, aliyefukuza watu watano kwa asubuhi moja, unajua barua zao zilisemaje? Uongozi umeamua kukupumzisha. Tunakushukuru kwa yote. Zote tano. Mama Hodi ndiye aliyewafungashia vitu vyao." Akakichukua kisu tena. "Kwa hiyo wewe umemfukuza, umemzika, na ukamchorea ua."

"Lakini nilimpa likizo."

"Likizo si inaitwa likizo?" mpishi alimuuliza, na hakuwa anatania. Alionekana kutaka kujua kweli.

Mama Hodi aliishi na binti yake kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana ya mchomea vyuma. Dada Ustawi alifika saa kumi na fomu imelowa jasho pembeni. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo, na kwa ile haraka aliyokuwa nayo alikwisha kuvuka kizingiti na kuanza kusema samahani kabla hajaona yuko wapi. Mama Hodi alikuwa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Hakunyanyua kichwa.

"Hodi?" alisema yeye, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Dada Ustawi alirudi nje. Alisimama karibu na ukuta uliokuwa na joto la karakana, akagonga fremu mara mbili, akasema hodi. Cheche za mchomea vyuma zilimwagika upande wa pili, zikazima, zikamwagika tena. Alianza kufikiri hatakaribishwa.

"Karibu," ikasemwa hatimaye.

Alieleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akarudi kwenye barua, akaruka kwenye ubao, akaomba radhi kwa ua. Binti, aliyekuwa akisuka mkeka wa plastiki kwenye kona, alisema kwamba kwake yeye ni sawa tu, mama afukuzwe mara ya pili akitaka, maana kwa siku mbili amekula chakula cha moto. Mama yake alimwambia anyamaze.

"Kwa hiyo sijafukuzwa."

"Hapana, mama. Hata kidogo."

"Nimepumzishwa."

"Ndiyo. Yaani hapana. Uko likizo."

"Na hizi siku mbili nilizolia, mtaziandika wapi kwenye faili?"

Dada Ustawi akatoa fomu, akaeleza habari ya chuo, ile habari aliyoitunza kama zawadi, na ikatoka kinywani imepoa. Mama Hodi aliifuta mikono kwa kanga, akaipokea, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho. Aliuliza watamfundisha nini, kugeuza mtu? Aliuliza kama huko chuoni kuna wazee au ni vitabu tu. Aliuliza ni nani atakuwa na Mwalimu kwa miezi tisa. Kwa kila swali Dada Ustawi alikuwa na jibu zuri, na kila jibu zuri lilionekana kumsogeza Mama Hodi mbali zaidi. Mwisho alisema iache hapo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Dada Ustawi aliondoka bila kujua kama amemrudisha mtu kazini au amemfukuza upya kwa karatasi nyingine.

Usiku huo hakuna la kusimulia. Ijumaa saa tatu na nusu, mlango wa ile stoo ya zamani uligongwa mara mbili.

"Hodi."

Dada Ustawi alisahau kujibu, na mgongaji akabaki nje akingoja, mpaka akakumbuka kusema karibu. Mama Hodi aliingia na gauni la kutokea, akaweka fomu mezani. Ilikuwa imejazwa kwa herufi za mtu asiyeandika mara kwa mara. Penye sahihi palikuwa na sahihi. Penye swali la kwa nini unataka mafunzo haya, alikuwa ameandika neno moja: Nimetumwa.

"Hapa wanataka sababu yako mwenyewe, mama."

"Hiyo ndiyo ninayoijua. Nyingine nitaijua nikifika."

Akachukua funguo zake kutoka mezani, akaacha aproni, akaenda kumlisha Mwalimu, ingawa alikuwa likizo. Fomu ilifika chuoni saa tano na dakika arobaini kwa mkono wa mlinzi na baiskeli yake. Kwenye ubao kulifutwa kila kitu upande wa kulia. Mpishi alirudia kuleta chai pamoja na visa, na kwa mwezi mzima kila aliyetaka kukaa dakika tano aliomba apumzishwe kidogo, ila asichorewe kitu.

Mama Hodi alikwenda chuo. Barua zake zilikuja chache, zote zikiuliza habari za wazee. Mwezi wa tano Mwalimu alipumzika, na Dada Ustawi ndiye aliyeshika chaki, akasimama mbele ya ubao asijue aandike neno gani. Aliandika lile lile. Mwezi wa tisa ukatoka ujumbe kutoka chuoni: mama huyu amekuwa wa kwanza darasani, na chuo kinaomba kubaki naye afundishe kwenye chumba cha mazoezi. Mkuu wa chuo aliongeza kwamba anampigia hodi hata yule mdoli wa kufundishia aliyelala kitandani, na sasa wanafunzi wote wanafanya hivyo.

Bodi ilifurahi. Kwenye ripoti ya mwaka iliandikwa kwamba lengo la kuendeleza wafanyakazi limefikiwa. Dada Ustawi aliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Aliajiriwa ili watu wasiondoke, na aliyemshughulikia kwa moyo wake wote ndiye aliyeondoka. Hakujua ampongeze nani. Ampe nani pole hakujua pia.

Mama Hodi alikuja kuaga asubuhi moja. Alipita vyumba vyote, akagonga cha Mwalimu pia, ambacho sasa kilikuwa na mtu mwingine. Alikidai kikombe chake kwa mpishi, akakipata, kimeongezeka kibonyeo. Dada Ustawi alimsindikiza hadi getini akiwa amembebea mfuko. Walizungumza mambo madogo, habari za chuo, miguu, binti. Mlinzi alipokwisha kufungua, Mama Hodi aliupokea mfuko wake.

"Mwanangu," alisema, "siku nyingine ukitaka kumpumzisha mtu, muulize kwanza kama amechoka."

"Wewe ulikuwa umechoka, mama?"

"Mno. Lakini hukuniuliza."